Inasubiri Mtandao

Hillary alianza kumchukia Goodluck siku alipochekwa kwa ajili ya chupa za chai.

Kicheko chenyewe hakikuchukua hata dakika, lakini mwanaume mwenye wivu hicho kinamtosha mwaka mzima. Duka lao lilikuwa Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, chini ya jengo la ghorofa nne. Walikuwa wanauza vyombo kwa jumla: sufuria, hotpoti, ndoo, chupa za chai. Juu duka, chini stoo ya andagraundi, na katikati ngazi za saruji ambazo mtu akishuka anashika ukuta. Huko andagraundi mtandao haukuwepo hata wa dawa. Simu ikishuka kule kazi yake inabaki kuwa tochi.

Siku hiyo Hillary alikuwa chini tangu duka lifunguliwe. Alipopanda, simu mkononi, jasho mgongoni, akamkuta mama mmoja wa Ifakara anaulizia chupa za chai zenye maua.

"Zipo," Hillary akadakia kabla mkewe hajafungua mdomo. "Katoni zipo za kutosha. Ona mwenyewe." Akamgeuzia mteja kioo cha simu.

"Baba Ritha, hizo zimeisha," Fortunata akasema kwa sauti ya chini. "Zimebebwa zote asubuhi."

"Zimeisha vipi na simu inasema zipo?"

Pembeni, kompyuta yake ikiwa juu ya boksi la vijiko, alikaa Goodluck, yule kijana aliyewatengenezea programu ya duka. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama fundi anayeona mtu anasukuma mlango wa kuvuta. "Mzee, hiyo uliyonayo ni nakala ya jana. Simu ikikosa mtandao inakuonyesha ilichohifadhi mara ya mwisho. Subiri kidogo isinki, ipokee ya leo."

Na kweli, wakiwa wote wameikodolea macho, zile katoni zikageuka sifuri kwenye kiganja cha Hillary. Mama wa Ifakara akaangua kicheko. Shaibu, kijana wao wa mauzo, mwenyeji wa Lindi, mtu mzima mwenye watoto wawili, akageukia ukuta mabega yakimcheza. Na Fortunata, mkewe wa ndoa, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Hapo ndipo palipomuuma.

Tuseme ukweli, hasira ile haikuzaliwa na chupa za chai. Zamani Hillary ndiye alikuwa duka lenyewe. Wachaga wenye maduka Kariakoo wote wanaitwa Mangi, lakini yeye alikuwa Mangi hasa. Bei zote alikuwa nazo kichwani, na wateja wa Songea, Njombe na Ifakara walikuwa wakimpigia yeye usiku na mchana. Ikaja hii programu. Kila simu ikawa na duka zima ndani yake, wateja wa mikoani nao wakawekewa: wanaona mzigo, wanaona bei, wanaona matangazo. Mtandao ukiwepo simu zote zinapeana habari. Ukikosekana, kila simu inabaki na yake moyoni, na ulichoandika kinangoja mpaka njia ifunguke. Fortunata aliimudu programu hiyo ndani ya wiki moja. Hillary mpaka leo alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima uji kama umepoa.

Sasa wateja walikuwa wanaingia dukani na kumsalimia hivi: "Mambo Mangi! Mama Ritha yupo?"

Ungekuwa wewe, ungecheka?

*

Jumanne mchana Hillary alitoka kupeleka mzigo kwenye basi la Njombe. Aliporudi, njaa imemkaba, mawazo yake yote yalikuwa kwenye ndizi nyama. Fortunata alikuwa akipika nyumbani alfajiri na kuja nazo kwenye hotpoti ya bluu, na hotpoti ya bluu ni ya Baba Ritha. Hata Shaibu alikuwa anajua hivyo, hata paka wa jirani.

Akamkuta Goodluck amekalia stuli yake, hotpoti ya bluu iko mapajani, anakula.

Anakula kwa raha zake, kijiko kinagonga pembeni. Fortunata amesimama nyuma ya bega lake, wote wawili macho kwenye kompyuta. Hakuna aliyemwona Hillary, kwa kuwa alikuwa amekingwa na ndoo zilizoning'inizwa mlangoni. Akamsikia mkewe anasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo yeye alidhani imeshakufa tangu Ritha azaliwe: "Hapo sawa. Hapo umenifurahisha. Lakini yeye asijue kuwa ni mimi niliyekuambia."

"Usijali mama," Goodluck akajibu na ndizi mdomoni. "Itabaki kwetu."

Hillary hakupiga kelele. Afadhali angepiga, angeeleweshwa palepale, angeona aibu kidogo na mambo yangeishia hapo. Alipita katikati yao bila salamu, akashuka ngazi. Fortunata akaita, "Baba Ritha, umerudi? Njoo ule!" Akaendelea kushuka. Alikuwa amekwishaona mfupa wenye uboho, ule anaowekewa yeye siku zote, au alidhani ameuona, kwenye kijiko cha mwanaume mwingine.

Chini, kati ya maboksi, simu yake ilikuwa juu ya rafu. Wiki ile ilikuwa inashinda kule, kwa sababu Fortunata alikuwa anaitumia kuhesabia mali yote ya stoo. Simu ya Fortunata mwenyewe ilihitajika juu kwa wateja. Kila akipata nafasi alishuka, akahesabu rafu, akaingiza, akahifadhi. Hesabu ilikuwa inabaki humo humo kwenye simu mpaka iishe yote ndipo itumwe.

Hillary akaichukua. Kwenye programu kulikuwa na sehemu ya Tangazo, ambayo ukiandika wateja wote wanapata. Kwa kawaida Fortunata aliandika humo "Mzigo mpya umeingia, karibuni sana." Hillary akaandika kwa kidole chake kimoja, herufi baada ya herufi, na hasira haikupungua hata kidogo njiani:

"WATEJA WOTE. Kuanzia leo msichukue bei kwa Fortunata. Ana mambo yake na huyu fundi wa programu, wanakula sahani moja. Mwenye duka ni Hillary. Ongeeni na mwenye duka."

Akabonyeza Tuma. Pembeni ya maneno kikatokea kisaa kidogo, na chini yake: Inasubiri mtandao.

Akashusha pumzi. Akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika.

*

Hakukaa sana, Fortunata akashuka. Mkono mmoja ameshika sufuria ndogo yenye mfuniko, mwingine anapapasa ukuta.

"Umeninunia nini?"

"Nenda kale na fundi wako."

Fortunata akasimama kwenye ngazi ya mwisho. "Umesemaje?"

"Si umempa hotpoti yangu? Stuli yangu umempa. Bado nini?"

"Hillary." Alimwita kwa jina mara chache sana, akiwa na hasira ya kweli tu. "Nani alisema huyu kijana asilipwe tena hata shilingi? Si wewe? Ulisema programu imeshakwisha, hela ya nini. Mtu amekuja kunifanyia kazi bure tangu asubuhi, nimnyime hata chakula? Nimempa hotpoti yako kwa sababu ndizi zilikuwa nyingi humo. Zako hizi hapa. Na mfupa wako huu hapa, nimeufunika usipoe."

Akafunua sufuria. Mfupa ulikuwepo, mnene, umesimama katikati ya ndizi.

Hillary akautazama. Bado akajikaza. "Na kazi gani hiyo ambayo mimi nisijue?"

Fortunata akakaa juu ya boksi. "Nilimwomba atengeneze kitu kidogo. Simu ikiwa na nakala ya zamani, juu paandikwe kwa rangi ya njano kwamba hizi ni za jana, usizitegemee. Basi. Maana siku ile ya chupa za chai nilicheka, na nilipokuona uso ulivyokuwa, usiku sikupata usingizi. Sitaki mume wangu achekwe tena mbele ya wateja. Nikamwambia asikuambie kuwa ni mimi niliyelalamika, ungeona nakufanya mtoto. Nimekosea?"

Ee Hillary! Mtu mzima wa miaka hamsini alitamani ardhi impasukie, na tayari alikuwa chini ya ardhi.

"Hujakosea," akasema.

Akala. Fortunata akakaa naye, akamsimulia jinsi Ritha alivyopiga simu kutoka bweni kulalamikia maharage. Akamwambia imebaki rafu moja tu, ile ya mifuniko, hesabu iishe. Mgongo ulikuwa unamuuma lakini alikuwa na furaha, kwa kuwa tangu wafungue duka hawajawahi kujua kwa uhakika wana mali gani. Halafu mteja akaita juu, akapanda.

Hillary akaufyonza uboho mpaka mwisho. Akajifuta vidole. Ndipo akakumbuka.

Akaikwapua simu. Maneno yalikuwepo, kisaa kipo. Akayashika kwa kidole, akayabonyeza, akayavuta kushoto, akayavuta kulia. Hayakufutika. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka yasifutike! Siku programu inaletwa alimsimamia Goodluck kichwani akasema, mbele ya Shaibu, bila hata kupunguza sauti: "Mtu akishabonyeza Tuma, isirudi. Weka hivyo. Hawa vijana wa duka nawajua, anaandika asubuhi jioni anafuta." Shaibu siku ile aliinamisha kichwa akaendelea kufunga kamba. Sasa kamba ilikuwa shingoni kwa mwenyewe.

Aliwafikiria wateja wa mikoani. Kisha akamfikiria Onesphory, kaka mkubwa wa Fortunata, mwenye duka kule Mkuu, Rombo, ambaye naye huchukua mzigo kwao na programu anayo. Onesphory ndiye aliyemkabidhi Fortunata kwa mkono wake siku ya harusi, mbele ya ndafu. Desemba si mbali, watu wote wanapanda nyumbani. Atapandaje yeye? Aende na jani la sale mkononi kuomba msamaha mbele ya ukoo, kwa maneno aliyoyaandika kwa sababu ya hotpoti?

Akaizima simu kabisa, akaitia mfukoni, akapanda ngazi akiwa ameishikilia juu ya suruali kama mtu aliyebeba yai.

*

Goodluck alikuwa amekodi meza kwenye duka la kuchapisha, upande wa Mnazi Mmoja. Hillary alikwenda kwa miguu, akapita katikati ya maguta ya mizigo na spika za wamachinga bila kusikia bei ya kitu chochote. Alimkuta kijana anakunywa maji kwenye chupa.

"Shikamoo mzee." Goodluck akasimama kumpisha kiti.

"Marahaba. Kaa, kaa. Nina shida ndogo." Hillary akatazama pembeni kuhakikisha hakuna anayesikia. "Kuna tangazo nimeandika kule chini. Halijatoka bado. Nataka lisitoke."

"Nipe simu nione."

"Siiwashi hapa! Ikiwaka si itatuma?"

"Kweli. Basi niambie, umeandika nini?"

Hapo sasa. Kuna aibu ambazo mtu akisimuliwa hazielewi mpaka zimkute. Hillary alitakiwa kuyasema maneno yale kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya mwanaume aliyeandikwa ndani yake. Alianza, akakohoa, akaanza tena. Alipofika kwenye "wanakula sahani moja" sauti ikawa ya kunong'ona.

Goodluck akafunga kizibo cha chupa, akakifungua, akakifunga.

"Mzee, na mimi nina mke. Candida. Programu hiyo anayo kwenye simu, ndiye ananisaidia kuijaribu kabla sijaleta kwenu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Anayo, mzee," Goodluck akarudia. "Ana mimba ya miezi saba."

"Si ndiyo maana nimekuja? Lizuie huko juu, huko kwenye seva."

"Kwa ufunguo gani? Kazi ilipoisha ulisema fundi asiachiwe nywila ya duka la mtu. Ulinibadilishia mbele yangu. Nywila anayo Mama Ritha peke yake."

Hillary alikumbuka. Siku hiyo alijiona mjanja sana.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Ushuke nayo andagraundi, uiwashe kule, uifute programu yote kwenye simu, kisha uiweke upya. Kila kilichokuwa kinangoja kitakufa humo humo."

"Na hesabu ya mali?"

"Itakufa nayo. Iko humo humo." Goodluck akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mwambie mama, mzee. Mwambie leo. Ataingia kwenye seva alizuie likifika, na kazi yake itabaki. Atakasirika, lakini mtakuwa mmekasirikiana wawili tu."

"Nitamwambiaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi."

Hillary akainuka. Mlangoni akageuka, akataka kumpa kijana hela ya kazi ya siku ile, akaitoa, akaona aibu kumpa sasa. Akairudisha mfukoni.

*

Usiku ule hakumwambia. Fortunata alimkanda mguu uliovimba kwa kutembea, akamuuliza kama anaumwa, akajibu amechoka. Mara mbili alifungua mdomo. Mara zote mbili aliona uso wa Goodluck akijua jambo ambalo mkewe hajalijua, na wivu ukamrudia upya, wa kijinga kuliko wa kwanza: kwamba akimwambia, Fortunata atakwenda kumwomba radhi yule kijana, na watakuwa upande mmoja, yeye peke yake upande wa pili. Akajigeuza ukutani.

Njia akawa ameipata. Angenakili hesabu yote kwa mkono kwenye daftari, halafu afute programu. Hesabu itapona, tangazo litakufa, na hakuna atakayejua isipokuwa Goodluck, naye atanyamaza kwa ajili ya Candida. Asubuhi walipofungua tu, Hillary akashuka andagraundi na daftari la Ritha la zamani.

"Leo umewahi," Fortunata akamwambia, amefurahi.

"Naangalia angalia mzigo."

Akaiwasha simu kule chini, akakaa juu ya boksi, akaanza. Sufuria kubwa, rafu ya kwanza. Sufuria za kati. Hotpoti za mistari. Kadiri alivyoandika ndivyo alivyoona kazi aliyofanya mwanamke yule: kila boksi limefunguliwa, kila chombo kilichobonyea kimeandikwa pembeni kuwa kimebonyea. Mambo hayo yeye hakuwahi kuyafanya hata siku moja. Akawa ananakili na macho yanamwasha, na ni haki yake yamwashe. Nusu ya kazi ikawa imepita.

"Mangi!" Shaibu akaita kutoka juu. "Panda! Kuna mteja anakutaka wewe."

"Mwambie Mama Ritha amhudumie!"

"Hamtaki Mama Ritha! Kasema Mangi mwenyewe!"

Kalamu ikasimama. Ilikuwa muda gani hajasikia maneno hayo? Akailaza simu juu ya rafu, akaweka daftari pembeni. Dakika moja tu, akajiambia. Kule chini haina pa kwenda.

Alikuwa Samson wa Songea, mteja wa tangu duka lilipokuwa kibanda, jitu refu lenye kicheko cha kujaza mtaa. "Mangi! Nimesema leo siongei na simu wala na mama, leo naongea na Mangi wangu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu, Samson, karibu! Shaibu, mpe mgeni kiti. Soda! Leta soda ya baridi."

Lo, mngemwona! Mgongo ulinyooka, tumbo likaingia ndani. Akasimulia mvua ya mwaka ule barabara ilipokatika na yeye akamtunzia Samson mzigo bila kutoza kitu. Samson akathibitisha, kweli, kweli kabisa. Wateja wengine wakageuka kusikiliza. Fortunata alikuwa pembeni anafunga vijiko, anatabasamu, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa anampenda mume wake na alipenda kumwona hivi.

"Sasa Mangi, nataka sufuria za seti. Zile nzito. Nione kwanza."

Na Hillary, kwa utamu wa kuwa Hillary tena, akapiga kofi kaunta, kama zamani. "Mama Ritha! Hebu shuka ukamletee mgeni seti moja. Zile nzito, rafu ya ndani."

Shaibu alikuwepo, mikono mitupu. Angeweza kumtuma Shaibu. Alimtuma mkewe kwa sababu alitaka Samson aone nani anamtuma nani.

Fortunata akashuka. Kule chini akaiona simu inawaka juu ya rafu, na pembeni daftari, mwandiko wa mumewe umejaa kurasa. Akaangalia. Sufuria kubwa, rafu ya kwanza. Akaelewa, au alidhani ameelewa: mwanaume huyu, ambaye hakuwahi kuhesabu hata vikombe vya nyumbani kwake, alikuwa ameamka mapema kuhakiki kazi yake kwa mkono, polepole, kwa sababu simu zinamshinda. Akacheka peke yake. Machozi yakamlenga kidogo. Ilibaki rafu ya mifuniko, ambayo haikuwa kubwa. Akaihesabu palepale, akaingiza, akabonyeza Maliza, na kile kisaa kidogo kikaja. Akaibana kwapani seti ya sufuria, akashika simu kwa mkono mwingine, akaanza kupanda ampelekee habari njema.

Hillary alikuwa anasimulia, mikono hewani, Samson anacheka, ndipo alipokiona kichwa cha mkewe kinachomoza ngazini, kisha kifua, kisha mkono.

"Rudi!" akasema. "Fortunata, rudi chini!"

"Nirudi na nini? Nimeimaliza, Baba Ritha!" Akainua simu juu aone. "Hesabu yote nimeimaliza, sasa hivi inatuma. Kumbe ulikuwa unanisaidia na hukusema!"

Hillary alivuka kaunta akaangusha ndoo mbili. Alimfikia, akampokonya simu, akaibonyeza pembeni kuizima, na vidole vikateleza. Kisaa kilikuwa hakipo tena.

Mfukoni mwa Samson simu ikalia. Samson akaitoa kama mtu yeyote anavyotoa simu, akasoma kwa sauti maneno mawili ya kwanza, "Wateja wote..." halafu midomo ikaendelea bila sauti. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Shaibu naye akatazama yake, akairudisha mfukoni haraka, akainama kuokota ndoo, akachukua muda mrefu sana kuziokota. Simu ya Fortunata ilikuwa juu ya kaunta, imelala karibu na vijiko. Ilitetemeka ikasogea.

"Usisome," Hillary akasema. "Mama Ritha, nakuomba. Ilikuwa jana, nilikuwa sijajua."

Fortunata aliweka chini seti ya sufuria kwanza, taratibu, zisibonyee. Akaichukua simu. Alisoma mara moja, hakurudia. Wote waliokuwepo walitazama pengine, wengine dari, wengine viatu, na spika ya mmachinga nje ikaendelea kuita watu waje wachague.

"Jana saa ngapi?" akauliza.

"Kabla hujaniletea chakula."

"Ulikuwa umeshaandika wakati unakula?"

Hillary akaitazama simu aliyompokonya.

"Ukaufyonza na mfupa."

Samson, maskini, mtu wa heshima zake, aliyekuja tu kununua sufuria, akajaribu kuokoa jahazi kwa njia aliyoiona. Akakohoa, akamgeukia Hillary, akampa Fortunata mgongo. "Basi Mangi... bei niambie wewe. Hii seti inakwendaje sasa?"

Ndiyo hiyo. Si alikuwa anaitafuta siku zote hiyo? Mteja amemgeukia yeye, na mkewe amesimama nyuma kama hayupo. Hillary akaitazama ile seti. Bei ilikuwa imepanda na kushuka mara kadhaa mwaka ule, na kila mara aliyejua ni Fortunata. Akafungua mdomo. Hakukuwa na namba humo. Akamtazama mkewe, kwa mazoea, amsaidie.

Fortunata alikuwa anaangalia simu. "Hesabu nayo imefika," akasema, kama anayejisemesha. "Vyote vimefika." Akaanza kufungua vifundo vya kitenge alichojifunga juu ya gauni kwa ajili ya kazi, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kaunta. Juu yake akaweka funguo za duka.

Simu ikaanza kuita mkononi mwake. Aliangalia jina, akavuta pumzi, akapokea.

"Shikamoo kaka... Ndiyo, nimeisoma... Hapana, hakuna aliyeingilia simu. Ameandika mwenyewe... Yupo. Amesimama hapa."

Akasikiliza kidogo. Halafu akanyoosha mkono, akampa Hillary ile simu, bila kumtazama usoni.

"Ni Onesphory," akasema. "Anataka kuongea na mwenye duka."